Ziba Kabla Hujatoboa

Kwenye droo ya dashibodi ya gari langu zimo nati nane za spana namba 14. Kwa miezi miwili zilikaa chini ya bawaba za boneti, mbilimbili kwenye kila bolti, zimeliinua upande wa nyuma kiasi cha kidole na kuacha mwanya mbele ya kioo. Aliyezipachika ni fundi wa gereji moja niliyopelekwa na rafiki, na hakunitoza hata senti. "Joto linapanda, bosi," alisema huku akikaza. "Lipe mlango juu, litatoka lenyewe."

Neno hilo nimelisikia tena na tena tangu siku ile. Vijana wanaounda magari uani kwao Tabata na Mbagala wanalisema, na ukivuka mpaka ukafika Mombasa au Nairobi utalikuta limekutangulia. Injini ikichemsha, fungua. Inua boneti. Toboa boneti. Panua shoo ya mbele. Vua kava la chini ya injini ili hewa ipite. Ng'oa thamostati uitupe. Kila dawa ni ya kuondoa kitu au kutoboa kitu, na hakuna anayeuliza hewa hiyo inatoka wapi na inakwenda wapi. Mimi nasema kinyume: magari mengi ya kuunda nyumbani yanachemsha kwa sababu ya matundu kuzidi, wala si kupungua. Boneti likatwe mwisho kabisa, tena mahali panapostahili, baada ya kupima.

Tuanze na hilo la joto kupanda, maana ndilo lililobeba mengine yote. Hewa ya nyuzi 80 ndani ya chumba cha injini ni nyepesi kuliko ya nje ya nyuzi 32, hilo halina ubishi. Ipe nusu mita ya kupanda, kisha piga hesabu. Nguvu inayoisukuma juu haiwezi kuinua maji ndani ya mpira hata sehemu ya kumi ya milimita. Sasa peleka gari kilomita 100 kwa saa. Upepo unaoligonga usoni unaweza kuyainua maji yaleyale karibu sentimita 4 na nusu, yaani zaidi ya mara 500. Mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, kilomita 4 au 5 kwa saa, unatosha upepo wake kulingana na hiyo nguvu ya joto kupanda. Zaidi ya hapo, joto halina tena sauti. Anayeamua ni upepo.

Kwa hiyo fundi wangu alikuwa sahihi kwa gari lililosimama. Ndiyo maana anaaminiwa. Mtu akikwama kwenye foleni ya Mwenge anaona joto likicheza juu ya ule mwanya kama moto wa jiko la mkaa, anajiambia dawa imekubali. Macho yake hayamdanganyi. Ila hakuna anayeuona mwanya huo akiwa kilomita 80 kwa saa, na huko ndiko mambo hugeuka.

Upepo ukiteleza juu ya boneti unafika mguuni pa kioo cha mbele na kukuta ukuta. Unajirundika. Pale pana msukumo mkubwa kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya juu ya gari, na watengenezaji wanalijua hilo tangu zamani. Hebu tazama gari lolote: hewa ya ndani, ile inayokupiga usoni ukifungua matundu ya dashibodi, inaingilia wapi? Chini ya kioo cha mbele, kwenye ile plastiki yenye vitundu ambako majani ya mwarobaini hujazana. Iliwekwa pale kwa sababu pale hewa inaingia yenyewe, hata feni ikiwa imezimwa. Chevrolet nao, kwenye Camaro ya 1969 na Chevelle SS ya 1970, walitoa boneti lenye mdomo unaotazama nyuma, kwenye kioo, ili kabureta ivute hewa kutoka hapohapo. Wenzetu walipachagua kuwa mlango wa kuingilia. Sisi tunapainua kwa nati na kupaita mlango wa kutokea.

Nilikuja kulijua hilo kwa pua. Safari ya kwanza na zile nati, Dar kwenda Morogoro, mke wangu alishusha kioo kabla hatujafika Mlandizi. Ndani kulinuka mafuta na moshi. Gasketi ya manifodi ya ekzosi ilikuwa inavuja kidogo, jambo ambalo zamani lisingetusumbua. Sasa kila tulipopunguza mwendo, hewa ya chumba cha injini ilitokea kwenye mwanya na kunyonywa moja kwa moja na lile tundu la kuingizia hewa ya ndani, lililoko sentimita chache nyuma yake. Kwenye moshi huo mna kabonimonoksaidi, ambayo yenyewe haina hata harufu ya kukuonya. Tulipochanganya mwendo, harufu ilikata na joto la maji likapanda kuliko lilivyokuwa kabla ya nati. Upepo ulikuwa unaingilia nyuma na kukutana uso kwa uso na ule uliotaka kutoka kwenye rejeta.

Aliyekulia pwani hahitaji hesabu kulielewa hili. Chumba chenye dirisha moja hakipiti upepo, hata kaskazi ivume namna gani. Fungua dirisha la ukuta wa pili, pazia linaanza kucheza. Lakini dirisha la pili ukilifungua kwenye ukuta uleule unaopigwa na upepo, umepoteza mbao na misumari. Rejeta ni lile pazia. Halijali mdomo wa mbele ni mpana kiasi gani kama nyuma yake hewa imebanana.

Na hewa yenyewe si kidogo. Injini ikiwa kazini mlimani, chukulia inaipa rejeta kilowati 40 za joto la kutupa. Kama kila kilo ya hewa inayopita itapashwa kwa nyuzi 40, unahitaji kilo nzima kila sekunde. Kwa hewa ya mchana wa Dar hiyo ni zaidi ya mapipa manne ya lita 200, kila sekunde, na yote lazima yapate pa kutokea. Tena yanatoka yamevimba kwa zaidi ya sehemu ya kumi, kwa kuwa hewa ikipata joto hutanuka. Anayepanua shoo ya mbele bila kufikiria nyuma anakaribisha wageni kwenye nyumba isiyo na uani.

Kabla ya uani, hata hivyo, kuna uchochoro. Gari langu ni Mark II GX100. Niliitoa injini yake ya lita 2 na kuweka 1JZ-GTE ya lita 2.5 yenye tabo, ileile ambayo Toyota wenyewe waliiweka kwenye ndugu yake wa bodi moja, Tourer V, ikitoa nguvu farasi 280. Wao waliweka intakula ndogo ya kupoza hewa ya tabo pembeni, nyuma ya bampa. Mimi kwa tamaa niliweka kubwa, mbele ya rejeta nzima, na ili ienee nilikata plastiki za pembeni, nikatupa sponji za juu, nikaacha pengo la kupitisha mkono kila upande wa rejeta. Nilijisifu kwa pengo hilo. Nilidhani ni hewa ya ziada.

Aliyenitoa ujinga ni mzee mmoja wa kuziba rejeta, mtu wa maneno machache. Alichungulia mbele, akaingiza kiganja kwenye pengo, akanitazama. "Wewe ungekuwa upepo," akaniuliza, "ungejipenyeza kwenye mapezi haya yote, au ungepita hapa?"

Sikuwa na jibu. Alichukua boksi la tambi, akalikata kwa kisu, akaziba mapengo ya pembeni na ya juu kwa boksi na tepu, kazi ya chini ya saa moja. Akasema nikajaribu kabla ya kununua bati. Hapa niseme jambo moja: geji ya Toyota imefundishwa adabu ya kunyamaza. Mshale wake hukaa katikati kwa upole hadi mambo yaharibike. Nilikuwa nimeshaweka geji ya pembeni, ya namba. Chalinze hadi Morogoro, mwendo uleule, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, maji yaliyokuwa yakifika nyuzi 105 sasa yaliishia 97. Nyuzi nane kwa boksi la tambi! Siku iliyofuata nilizing'oa zile nati, nikabadilisha boksi kwa bati la alumini na sponji ngumu.

Ukishalielewa la uchochoro, dawa nyingine za kijiweni zinaanguka zenyewe. Kava la chini ya injini lipo ili hewa ya chini ya bampa isipande na kujaza chumba kabla ile ya rejeta haijatoka; ukilivua, mara nyingi unaongeza msukumo nyuma ya rejeta. Thamostati ukiitoa kwenye injini nyingi za Toyota, unaiacha wazi njia ya mkato, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kuiona rejeta. Hata mfuniko wa rejeta ni habari ya kuziba. Ukiwa mzima, wa presha ya baa 0.9, unayazuia maji yasichemke hadi karibu nyuzi 119. Mpira wake ukifa, pale Iringa mjini maji yanachemka kwenye nyuzi 95, na mwenye gari anakimbilia grinda kutoboa boneti kwa ugonjwa wa mfuniko.

Watetezi wa kutoboa watanijibu kwa magari ya mashindano, na wana haki ya kuuliza. Mbona Subaru Impreza WRX ina mdomo juu ya boneti? Mbona Lancer Evolution ina tundu kubwa? Yote mawili yameshinda Safari Rally, Colin McRae mwaka 1997 kwa Impreza na Tommi Mäkinen mwaka 2001 kwa Lancer. Vizuri, tuyafungue maboneti yao. Mdomo wa WRX unatazama mbele na unailisha intakula iliyokaa juu ya injini, si rejeta. Chini ya boneti pana njia iliyozungushiwa sponji ili hewa isitoroke kwenda kwingine. Lancer intakula yake iko mbele, kwa hiyo tundu lake linafanya kazi iliyo kinyume: linatoa hewa ya moto iliyokwisha kupita kwenye rejeta. Moja ni pua, jingine ni bomba la moshi la jikoni. Kijana anayegundisha mdomo wa WRX kwenye Corolla isiyo na intakula juu anaisukumia hewa mahali ambapo ile ya rejeta ilitaka kupita, yaani analirudisha pazia ukutani kwa mkono wake mwenyewe. Escort RS Cosworth na Lancia Delta Integrale nazo zina matundu ya kutolea, ya mapezi yaliyolala kama mashavu ya papa, na hakuna hata moja lililowekwa mguuni pa kioo.

Kama bado kuna anayeamini ukubwa wa mdomo, aitazame P-51 Mustang, ndege ya vita iliyoruka mara ya kwanza Oktoba 1940. Rejeta yake ilikuwa tumboni. Mdomo wa kuingizia hewa ulikuwa mdogo kuliko rejeta yenyewe. Njia ilipanuka taratibu hadi kwenye rejeta, kisha ikasinyaa kuelekea nyuma, ambako palikuwa na kifuniko cha kufunguka na kufunga. Joto la maji lilitawaliwa kwa kifuniko hicho cha kutokea. Mdomo haukuguswa.

Wapo pia wa upande wa pili, wale wasiotaka bodi iguswe kabisa. Hoja yao ni kwamba Wajapani walishafikiria kila kitu. Walifikiria, sikatai, lakini walilifikiria gari lao, si langu. Hawakuniwekea intakula ya upana wa bampa, wala hawakukusudia rejeta ile imeze joto la mafuta yanayochomwa kwa kasi hii. Ukishabadilisha injini umeshaivunja hesabu yao, na kulilinda bati wakati huo ni unafiki. Kwa hiyo nilitoboa.

Ila kwanza nilipima, na kipimo chenyewe kinapatikana kwa mwashi yeyote: mpira mwembamba wa levo ya maji. Niliupinda ukawa kama herufi U, nikautia maji yenye rangi ya chakula, nikaubandika kwenye ubao pamoja na rula. Ncha moja iliingia kwenye chumba cha injini, nyuma ya rejeta. Ya pili ililala bapa juu ya boneti, mdomo wake chini ya kipande cha plastiki chembamba chenye kitundu katikati, ili upepo upite juu bila kuupuliza. Kwa kuwa maji husogea milimita chache tu, ubao nilimpa shemeji yangu kwenye kiti cha abiria aulaze kwa mshazari. Ukiulaza mmoja kwa tano, milimita moja inasomeka kama tano. Tulitoka alfajiri Barabara ya Bagamoyo kabla malori hayajaamka, kilomita 80 kwa saa, tukisimama kila mara kuhamisha ncha. Theluthi ya mbele ya boneti, nyuma tu ya rejeta, maji yalikimbia kuonyesha kwamba juu kunanyonya. Tuliposogea katikati yalitulia. Karibu na kioo yaligeuka na kwenda upande mwingine, na shemeji, ambaye hana habari na magari, akasema, "Hapa ndipo walipokuwekea zile nati?"

Sikukata boneti langu. Nilinunua la mtumba Gerezani, likawa la majaribio. Nililigeuza kwanza nione mbavu zake za chini, kwa kuwa hizo ndizo zinazolizuia lisipepee na kufunuka barabarani, na nikapiga chaki mahali pasipo na ubavu wala kitasa. Pembe za kila tundu nilizitoboa kwa drili kabla ya kukata, ziwe za duara. Pembe kali ni mwanzo wa ufa. Halafu grinda, diski ya milimita moja. Funika kioo kwa blanketi bichi, usipuuze hili: cheche za grinda huyeyuka ndani ya kioo na kubaki kama vipele visivyotoka kwa kitu chochote. Nilipata matundu mawili, kila moja shibiri kwa vidole vinne, kingo zimepigwa tupa na rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo. Ukingo wa mbele wa kila tundu nilisimamisha mdomo mfupi wa bati ili upepo uruke juu na kuacha mnyonyo nyuma yake. Chini nikafunga sinia la kuelekeza maji pembeni, maana masika ya Dar hayaulizi koili zako ziko wapi.

Faida yake? Nyuzi tatu kwenye barabara ya wazi. Tatu, baada ya nane za boksi la tambi. Nimezitaja kwa wenzangu na wamekatishwa tamaa, kwa sababu boksi halionekani barabarani na matundu yanaonekana. Sehemu kubwa ya ubishi huu, nadhani, iko hapo.

Na Kitonga, kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula, ambako watu wote wanaota kupanda bila kuchemsha, matundu hayo hayanisaidii karibu chochote. Nyuma ya lori linalokwenda kilomita 20 kwa saa, upepo wa mwendo hauinui maji hata milimita mbili. Feni nzuri iliyofungwa ndani ya kava lake inaupita mara kadhaa. Feni ile ile bila kava inazungusha hewa papo hapo kama mtu anayejipepea kwa ufunguo. Nilikuwa na feni ya mtumba isiyo na kava. Hilo lilikuwa tundu jingine la kuziba, na niliziba.

Jumamosi iliyopita kijana wa mtaani mwenye Altezza alikuja kuazima zile nati nane. Nilimwambia nitampa, ila kwanza tuzungukie Bagamoyo asubuhi, yeye ashike ubao. Tulirudi saa moja na nusu. Nati bado zimo kwenye droo. Mpira wa levo ndio sijarudishiwa.